Taco za Mexico City: kibanda kipi, saa ngapi, na kwa mlaji gani

Taco ni tortilla, chapati ndogo nyembamba ya mahindi, iliyokunjwa juu ya nyama au mchuzi. Kibanda cha taco mjini Mexico City hakiuzi kila kitu. Kinauza aina moja, au mbili tatu zinazopikwa kwenye moto uleule, kwa saa zake, na vitu vikiisha mwenyewe anafunga anakwenda nyumbani. Anayekata nyama usiku hana habari na kondoo wa Jumapili asubuhi. Muuza taco za baiskeli ameshamaliza kikapu chake na kuondoka muda mrefu kabla moto wa usiku haujawashwa. Kwa hiyo mgeni mwenye siku chache mjini anachagua mambo mawili kwa mpigo: anachokula, na saa ya kutoka hotelini.

Hapa nimeviweka vibanda viwili viwili, jinsi mtu anavyokutana navyo: vya usiku, vya mchana, vya mwisho wa wiki. Sikuvipa nafasi sawa kwa kuwa havistahili nafasi sawa. Suala la nguruwe nimelitaja kila linapoingia, maana wengi wetu tutokao pwani, au tunaoishi Omani na Dubai, tutaliuliza kabla ya bei.

Usiku: trompo au suadero

Baada ya saa mbili usiku, mitaa ya Narvarte na katikati ya mji inakupa moto wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa trompo, mtambo uliosimama wima, nyama imechomekwa tabaka juu ya tabaka, pana juu na nyembamba chini. Nyama hiyo ni ya nguruwe, imelazwa kwenye rojo jekundu la pilipili ya guajillo, achiote (mbegu nyekundu za kutia rangi), siki na viungo. Juu kabisa pamekaa nanasi, na ubavuni unawaka moto wa gesi au wa mkaa. Taco zake huitwa al pastor. Mkataji anaweka tortilla kiganjani, anashusha vipande vyembamba vilivyoiva ukingoni, kisha kwa ncha ya kisu anarusha kipande cha nanasi kutoka juu na kukidaka kwa taco ileile. Wazoefu wanafanya hivyo huku wakizungumza na mteja mwingine. Ni mbwembwe za kuvuta watu, lakini nanasi lenyewe lina kazi: linakata mafuta.

Aliyekula shawarma Maskati ataudhania mtambo huo ni ule anaoujua, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Undugu upo kweli. Wahamiaji kutoka Lebanoni na nchi jirani walifika Meksiko na namna yao ya kuchoma nyama, na mjini Puebla, kufikia miaka ya 1930, watu walikuwa wanakula tacos árabes, yaani nyama ya mtambo ndani ya mkate bapa wa ngano. Ilipofika Mexico City mambo yakageuka: kondoo alitoka nguruwe akaingia, mkate ukapisha tortilla ya mahindi, na viungo vya Mashariki ya Kati vikapisha pilipili. El Huequito, kibanda cha mtaa wa Ayuntamiento, kinauza al pastor tangu 1959. Hata zile tacos árabes za Puebla leo kwa kawaida ni nguruwe, jina lake lisikupe imani.

Moto wa pili ni wa suadero. Utaona sinia kubwa la chuma la mviringo, katikati limenyanyuka kama kuba na pembezoni limeacha mfereji uliojaa mafuta yanayotokota polepole. Suadero ni nyama ya ng'ombe ya chini ya ubavu, ile iliyokaribiana na ngozi, ngumu ukiichoma haraka lakini laini ikipewa muda. Inakaa ndani ya mfereji kwa saa kadhaa pamoja na utumbo, ulimi na soseji za longaniza. Ukiagiza, kipande kinaopolewa, kinapandishwa kwenye kuba kikauke na kushika rangi, kinakatwakatwa juu ya gogo, na tortilla inachovywa kidogo kwenye mafuta yaleyale kabla ya kupashwa moto. Ukitaka nyama hiyo ichanganywe na longaniza, sema campechano. Aliyekulia kwenye supu ya kichwa na utumbo wa kukaanga wa Kariakoo hatahitaji kubembelezwa.

Los Cocuyos, mtaa wa Bolívar, ni mfano unaojulikana: upenyo tu ukutani, sufuria mbele, watu wamesimama kando ya barabara na sahani mkononi mpaka usiku wa manane. Kwa upande wa trompo watu hutaja El Vilsito, Narvarte, ambako mchana ni gereji ya magari na usiku, mafundi wakishafunga, pale pale inakatwa nyama.

Nikiambiwa nichague kwa ladha tupu, naenda kwenye suadero. Al pastor iliyopikwa vizuri haina mpinzani, ila ya wastani huwa kavu na tamu kupita kiasi, na za wastani ni nyingi kwa sababu kila mwenye mtambo anajua mgeni amekuja kuitafuta hiyo. Suadero haina jina kubwa nje ya mji. Anayeiuza anamtegemea mwenyeji atakayerudi wiki ijayo, na mwenyeji huyo akiudhika mara moja tu harudi. Mwenye usiku mmoja tu anaweza kula zote mbili, kwa kuwa taco hizi ni ndogo, za kuumwa mara mbili au tatu. Mtu mzima mwenye njaa anakula nne au tano. Barabarani moja huwa kama peso 20 hadi 30, na dola ya Marekani miaka hii imekuwa ikizunguka kati ya peso 17 na 20.

Trompo utaisoma hivi. Moto uwe unawaka, nyama ya nje iwe imekolea rangi na inadondosha mafuta, na kuwe na watu wa kutosha ili mkataji asipate muda wa kupumzika. Trompo ndogo yenye moto uliozimwa, ambayo vipande vyake vinakwanguliwa na kupashwa tena kwenye chuma, ni ya kupita na salamu. Saa tatu usiku hadi saa saba ndio wakati wake. Ukienda saa kumi jioni utakuta nyama ndiyo kwanza imepangwa, na ya ndani haijaonja moto.

Kwa asiyekula nguruwe, mizani inapinduka, na hapa wengi wananaswa. Trompo haina utata, unaijua na unapita. Suadero ndiyo yenye mtego, kwa sababu nyama ni ya ng'ombe lakini mafuta yanayoipika mara nyingi ni ya nguruwe, na longaniza ya nguruwe inaogelea humo humo. Ukiuliza kama ni ng'ombe utajibiwa ndiyo, na aliyejibu hajakudanganya. Swali linalofaa ni la mafuta: «¿La fríen en manteca?», yaani mnaikaanga kwa mafuta ya nguruwe? Tena usijitetee kwa kusema huli carne. Kwa Mmeksiko neno hilo mara nyingi ni nyama ya ng'ombe, na utaletewa mayai yenye chorizo, soseji ya nguruwe, kwa nia njema kabisa. Taja puerco, yaani nguruwe, na uitaje manteca, zote mbili.

Kuna kibanda cha tatu cha usiku kinachomfaa zaidi mtu huyo: tacos de cabeza al vapor. Kichwa cha ng'ombe kinapikwa kwa mvuke, kinafunikwa kwa kitambaa na plastiki kibaki na moto, na unachagua sehemu: cachete ni shavu, lengua ni ulimi, ojo ni jicho, sesos ni ubongo. Hakuna kukaanga. Shavu ni laini kiasi cha kutohitaji meno. Kuhusu kuchinja, ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa sharti la Kiislamu, na anayelishika sharti hilo atabaki na samaki, mayai na mboga, ambavyo navyo havikosekani.

Kuna pia anayefika na jina moja tu kichwani: El Califa de León, mtaa wa San Rafael. Kibanda hicho kipo tangu 1968, na Mei 2024, mwongozo wa Michelin, ule unaoipa mikahawa nyota, ulipotoka kwa mara ya kwanza kwa Meksiko, kilipewa nyota moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa kibanda cha taco nchini humo. Ukumbi wake ni wa hatua chache tu na hauna viti. Taco yake maarufu ni gaonera, kipande chembamba cha steki ya ng'ombe chenye chumvi na ndimu basi, kilichopewa jina la Rodolfo Gaona, mpigana na mafahali. Bei inazidi mara mbili ya taco ya kawaida. Tortilla inakandwa na kupikwa mbele yako, nyama ni nzuri, na foleni ni ya watu wanaopiga picha. Ukiwa jirani na foleni ni fupi, ingia. Kuvuka mji kwa ajili yake na kusimama saa nzima juani, mimi sioni sababu. Asiyekula nguruwe ajue kwamba orodha hiyohiyo ina chuleta, ambayo ni nguruwe, na jiko ni dogo.

Mchana: guisado au kikapu

Hapa ushindani ni mdogo, nami nautoa ushindi mapema: guisado.

Kibanda cha guisado kinapanga vyungu au masufuria ya mchuzi mbele ya mteja, kumi au zaidi, na wewe unaonyesha kwa kidole. Tortilla mbili zinawekwa, mara nyingi wali kidogo chini, kisha mchuzi juu. Kuna tinga ya kuku yenye nyanya na pilipili ya kuvutwa moshi, rajas con crema ambayo ni pilipili kubwa ya poblano iliyokatwa mistari ndani ya malai, nopales ambayo ni majani ya dungusi kakati yaliyopikwa kwa kitunguu, mayai ya kuchemsha, viazi, na chile relleno, pilipili nzima iliyojazwa jibini na kukaangwa ndani ya ute wa mayai. Nguruwe yupo pia, hasa chicharrón en salsa verde, ngozi iliyolainishwa kwenye mchuzi wa kijani, ila anajulikana kwa macho. Maharage yaulizie, maana mara nyingi yamekaangwa kwa manteca.

Kwa familia yenye watoto hakuna kibanda bora kuliko hiki. Mtoto anaona chakula kabla hakijafika mkononi, kuna chungu ambacho hakiwashi, na taco mbili zinatosha kwa sababu ni kubwa. Vinafunguliwa asubuhi na kufikia saa tisa alasiri vyungu vizuri vimeshakwanguliwa. Nenda saa tano au saa sita.

Taco za kikapu, de canasta, ni habari nyingine. Zimeshatengenezwa nyumbani alfajiri, zimepangwa ndani ya kikapu kilichotandikwa plastiki na vitambaa, zimemwagiwa mafuta ya moto yenye pilipili na kufunikwa zijivukize zenyewe. Muuzaji anazifunga nyuma ya baiskeli na kusimama karibu na kituo cha metro. Kijiji cha San Vicente Xiloxochitla, jimbo la Tlaxcala, kinajulikana kwa biashara hii, na wengi wanaouza mjini wana asili ya huko. Ndani huwa na viazi, maharage, chicharrón au adobo, nyama ya rojo la pilipili. Ndizo za bei ya chini kuliko zote na zinaliwa kwa dakika tano. Ulaini wake ama utaupenda ama utaona umepewa kitu kilichochoka. Mimi nazila nikiwa na safari ya basi asubuhi na sina muda wa kusimama, na nazila mapema. Kikapu cha saa mbili asubuhi si kile cha saa nane mchana.

Tofauti kubwa ambayo haitajwi sana ni tortilla yenyewe. Usiku karibu kila mahali utapewa zile ndogo za mashine, nazo zinatosha kwa sababu mafuta yanazibeba. Mchana, na hasa mwisho wa wiki, utapata za mkono. Sikiliza makofi ya mama anayekanda, au tafuta bango la «hechas a mano». Mahindi yake huchemshwa na kulazwa kwenye maji ya chokaa, yanaoshwa, ndipo yanasagwa yakiwa bado na unyevu, na hiyo chokaa ndiyo inayoupa unga harufu yake na kuufanya ushikamane bila kukatika. Wareno walituletea mahindi Afrika Mashariki, ila utaratibu wa chokaa haukupanda meli. Ndiyo maana mtu aliyekula ugali maisha yake yote anaweza kung'ata tortilla ya moto akashindwa kuamini kuwa ni nafaka ileile. Chokaa pia inauachia mwili vitamini ya niasini ambayo bila hivyo hubaki imefungika ndani ya punje.

Jumamosi na Jumapili: barbacoa au carnitas

Kama safari yako haina asubuhi ya mwisho wa wiki ndani yake, jaribu kuipata, kwa ajili ya barbacoa. Kwangu hiki ndicho chakula kikubwa kuliko vyote nilivyovitaja, na kwa msomaji asiyekula nguruwe ndicho jibu.

Barbacoa ya eneo hili ni kondoo. Shimo linachimbwa, kuni zinawashwa mpaka mawe yanashika moto, nyama inafungwa kwa majani mapana ya maguey, ile mimea ya jamii ya mkonge, na shimo linafunikwa usiku kucha. Chini ya nyama huwekwa chungu kinachokinga mafuta na maji yanayodondoka, pamoja na dengu za garbanzo, wali na mboga. Hicho ndicho consomé, supu unayoanza nayo. Alfajiri shimo linafukuliwa na nyama inasafirishwa mjini. Jimbo la Hidalgo, kaskazini mwa jiji, ndilo lenye sifa, na mjini El Hidalguense, mtaa wa Roma Sur, kinafungua siku chache tu kuzunguka mwisho wa wiki kwa sababu hiyohiyo: haiwezekani kuipika barbacoa kila siku na ibaki barbacoa.

Inauzwa kwa kilo au kwa taco. Mkiwa watu watatu nunueni kwa uzito, mletewe tortilla za moto ndani ya kitambaa, na kila mtu ajifungie mwenyewe. Omba mchanganyiko wa bega na mbavu, usikubali paja tupu, ni kavu. Pancita, tumbo la kondoo lililojazwa maini, moyo na viungo, ni ya wanaojua wanachokitaka. Mwulize mpishi kama nyama yote ni borrego, yaani kondoo, kwa kuwa wapo wanaopika ng'ombe kwa jina lilelile. Na kuna tahadhari moja ambayo mgeni Mwislamu haambiwi: salsa, yaani sosi ya pilipili, nyeusinyeusi inayoletwa pamoja na barbacoa, salsa borracha, kwa asili hutiwa pulque, kileo cha maguey. Iache, omba ya kijani.

Carnitas ni nguruwe aliyepikwa ndani ya mafuta yake mwenyewe kwenye masufuria makubwa ya shaba, na jimbo la Michoacán ndilo lenye heshima yake. Maciza ni nyama tupu, cuerito ni ngozi laini, surtida ni mchanganyiko. Kwa anayekula nguruwe ni tamu isiyo na maswali. Lakini carnitas nzuri zinapatikana siku nyingi za wiki, na barbacoa haikusubiri. Jumapili moja, kondoo. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Saa saba mchana mezani kutakuwa na mifupa na watu wanaopiga soga.

Kusimama barabarani au kukaa mezani

Kwa ladha tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani, kwa sababu taquería nyingi zenye meza zilianza kama kibanda na jiko bado limewekwa mlangoni. Kwa mwili tofauti ni kubwa. Mezani utapata choo, maji ya kunawa, orodha yenye bei, wakati mwingine malipo ya kadi, na mhudumu anayetarajia asilimia 10 au zaidi ya bakshishi. Barabarani utapata jirani anayekusogezea ndimu na kukuambia «provecho», yaani ule kwa raha, na mpishi unayemwona mikono yake. Mzee, mjamzito au mtu mwenye mtoto mgongoni, akae. Mwingine yeyote, asimame.

Usitegemee mabango kukuongoza kati ya vibanda vya chuma vya mtaani. Mwaka 2022 utawala wa Cuauhtémoc, wilaya yenye Centro, Roma na Condesa, uliamuru vibanda vipakwe rangi nyeupe na nembo yake, na maandishi ya mkono yaliyokuwa yakipamba kila kibanda yakafutwa. Ulikuwa uamuzi wa kijinga, na hasara yake aliipata pia mlaji: mchoro ulikuwa unasema kinachouzwa hata kabla hujakisogelea. Siku hizi angalia sufuria.

Pilipili na tumbo

Sisi tuliozoea pilipili mbuzi tunafika na majivuno. Ukali wenyewe tutauvumilia. Kinachotushinda ni kuzipambanua salsa. Rangi haisemi kitu. Ya kijani, yenye nyanya ndogo za tomatillo na pilipili ya serrano mbichi, mara nyingi inawaka kuliko nyekundu. Ile ya kijani laini unayodhani ni parachichi inaweza kuwa mboga ya jamii ya maboga iliyosagwa na pilipili, parachichi likiwa ghali. Nyekundu nyembamba ya chile de árbol inachelewa sekunde kadhaa ndipo inafika. Kitunguu chekundu chenye vipande vya rangi ya chungwa ni habanero, hiyo ndiyo ndugu wa karibu wa pilipili mbuzi yetu. Tia tone moja kwenye ukingo wa taco, onja, ndipo umwage. Na muuzaji akikwambia «no pica», haiwashi, ujue anaipima kwa ulimi wake.

Kuhusu tumbo, nyama inayotoka motoni sasa hivi si ya kuogopwa sana. Mimi naangalia vitu vibichi: kitunguu na giligilani vimekatwa lini, bakuli la salsa limejazwa upya au limeshinda juani, ndimu zimefunikwa au zimeachiwa nzi. Kibanda kizuri kina mtu wa kukata na mtu wa kushika pesa, au mkataji anayevaa mfuko wa plastiki mkononi anapopokea noti. Sahani itakuja imevishwa mfuko wa plastiki. Usione ni uchafu, ni njia ya mahali pasipo na bomba kuhakikisha kila mteja anakula juu ya kitu safi. Siku mbili za mwanzo kula kwa kiasi. Jiji liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na mlo mzito wa usiku wa manane unamwelemea aliyetoka kushuka kwenye ndege.

Unakula kwanza, unalipa baadaye, na mara nyingi ni wewe unayetaja idadi: nne za suadero, soda moja. Wanakuamini. Beba noti ndogo na sarafu. Atakapokuuliza «¿con todo?» anamaanisha kitunguu na giligilani, na kama huvitaki vyote taja unachokitaka kabla mkono wake haujafika. Usishangae kuitwa joven, kijana, hata kama una mvi.

Kama mlango wako ni Tijuana

San Diego, California, kuna familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo, na kwao Meksiko inaanza ukivuka kwa miguu pale San Ysidro kuingia Tijuana, mji wa mpakani. Anayeishi Marekani kwa hati ya mkimbizi ahakikishe kwanza karatasi za kumrudisha. Ng'ambo ya pili, karibu kila nilichosema juu ya Mexico City kinabadilika. Suadero si mfalme tena. Kinachotawala ni carne asada, ng'ombe aliyechomwa juu ya mkaa na kufungwa pamoja na parachichi lililopondwa, na pia birria ya ng'ombe ya asubuhi yenye mchuzi mwekundu. Trompo ipo ila inaitwa adobada, na ni nguruwe vilevile. Tortilla za ngano zinaonekana zaidi kaskazini, na hizo mara nyingi zimekandwa kwa manteca, kwa hiyo omba za mahindi, «de maíz».

Anayetaka samaki ashuke hadi Ensenada, kiasi cha kilomita 100 kusini, ambako kipande cha samaki kinachovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa mbele yako, kisha kinawekewa kabichi, malai na salsa. Kwa Mwislamu na kwa asiyekula nyama kabisa, huu ndio mji wa kwenda, kwa sharti la swali lilelile la mafuta, maana namna ya zamani ya hapo ilikuwa kukaanga kwa mafuta ya nguruwe. Aceite ni mafuta ya mimea. Ukilisikia hilo, agiza mbili za samaki na moja ya kamba.